Mchore Juma kwanza, kanzu baadaye

Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Nianze na kosa ambalo kila aliyekaa humu amelipiga kalamu nyekundu: "Asha is wearing his new dress." Mtoto huyo si mzito. Nyumbani anasema gauni lake, viatu vyake, kofia yake, na mabadiliko yote hayo yanafuata kinachovaliwa. Asha ni wa kike au wa kiume, Kiswahili hakiulizi. Kiingereza kinamwangalia mwenye mali: her kama ni mwanamke, his kama ni mwanamume, awe na gauni moja au ng'ombe mia.

Mpangilio nao umepinduka. Sisi tunasema kanzu ya Juma, kanzu inatangulia. Wao wanamtanguliza Juma: Juma's kanzu. Ndiyo maana madaftari yetu yamejaa "kanzu Juma's".

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichora jedwali ubaoni: my, your, his, her, its, our, their. Watoto wakaliimba vizuri mno. Nikainua penseli ya mmoja wao, nikamwuliza, "Whose pencil is this?" Akasimama wima akajibu, "My, your, his, her, its..." Nikafuta ubao.

Siku hizi nasubiri shule ifunguliwe baada ya sikukuu, iwe Idi, iwe Krismasi. Kila mtoto anapata karatasi moja, penseli za rangi wanaazimana. Sharti langu ni moja na silegezi: mtu anachorwa kwanza. Mtoto akianza na kiatu kipya, na wengi wataanza nacho, mrudisheni. Mtu akishasimama kwenye karatasi ndipo avalishwe. Kisha tunaandika chini ya mchoro tukifuata njia ile ile ya mkono: Juma, halafu 's, halafu kanzu. Baada ya hapo tunafunika jina kwa kidole: his kanzu. Asha naye, her dress.

Ritifaa wanaijua tangu darasa la kwanza, iko kwenye ng'ombe. Waambieni tu kwamba hapa haibadilishi sauti. Wanafunzi wakubwa hufurahi kusikia kwamba Kiingereza cha kale kiliweka -es mwishoni mwa majina mengi ya wenye mali, e ikadondoka, na ritifaa ikabaki pengoni. Ile ya girls', inayokaa baada ya s, iacheni mpaka muhula ujao.

Sasa niwaonyeshe mchoro mmoja. Msichana huyu alimchora mama yake jikoni siku ya Idi, mbele yake sahani 7 za pilau zimefunikwa kawa. Pembeni ya kila sahani ameweka kidoa cha rangi. Nikamwuliza ni nini. Akasema mama hupaka rangi ya kucha chini ya sahani ili zikienda kwa majirani zijulikane za nani. Nyekundu 6 ni zao. Hiyo ya buluu ni ya Mama Neema, ilikuja na chapati Krismasi na haijarudishwa.

Nikaubandika ubaoni. Our plates. Mama Neema's plate. Somo lingeishia hapo, ila mvulana wa nyuma akauliza: "Mwalimu, na pilau ni ya nani?" Mmoja akasema "our pilau", kwa kuwa mama ndiye aliyepika. Mwingine akakataa: ikishavuka mlango wa jirani ni "their pilau". Wa tatu akasimama akasema, "Our pilau, Mama Neema's plate!" Darasa likalipuka, wakabishana kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika, lakini his na her zikikaa mahali pake. Mimi nikajikalia zangu dawati la nyuma.

Naupitisha, mwangalie hicho kidoa cha buluu. Sahani yenyewe, nimeambiwa, ilirudi kwa Mama Neema siku ya Pasaka, na haikurudi tupu.