Tambi za nyama ya kusaga, chap chap baada ya kazi

Haya, mambo vipi wapendwa? Karibuni jikoni kwangu hapa Minneapolis. Huku ni saa moja jioni, nyumbani najua ni saa kumi alfajiri, kwa hiyo mtaiona video hii mkiamka. Msishangae dirisha lilivyo jeusi. Ni Desemba, jua lilishazama tangu saa kumi na nusu. Unatoka kazini gizani, unakanyaga barafu mpaka mlangoni, na miguu inauma kwa kusimama mchana kutwa. Jioni kama hii hakuna anayekaa kuchambua maharage.

Sasa, kuna swali haliishi kwenye maoni: "Dada, huko siku za kazi mnakula nini?" Wengine mmeshajijibu wenyewe kwamba ni piza na baga. Piza ipo, sikatai, ila ukinunua chakula cha nje kila jioni, kodi ya nyumba utalipa na nini? Wengi wetu tunapika, tena kitu cha kikaango kimoja. Leo nakaanga tambi na nyama ya kusaga. Watu wangu wa Zanzibar na Mombasa, kima hiyo.

Shangazi yangu wa Tanga najua hapa ndipo anapotaka kuzima simu. Kwake yeye tambi ni za nazi, sukari na hiliki, basi. Shikamoo shangazi, vumilia kidogo. Hizi ni tambi za Kichina, za kukaanga kwenye moto mkali, na Wachina wameanza kuja nazo Marekani tangu karne ya 19, wengi wao wakitokea upande wa Guangdong. Kule kwao utakuta zaidi nyama iliyokatwa vipande vyembamba. Ya kusaga tunaiweka sisi wenye haraka, maana haihitaji kisu wala kulainishwa.

Nyama hii nimeinunua duka la halali la Wasomali, mtaa wa pili kutoka hapa. Muuzaji aliishi Nairobi kabla ya kuja huku, kwa hiyo tunaongea Kiswahili mwanzo mwisho, na anasaga nyama mbele ya macho yako. Ukienda supamaketi inakuja kwenye pakiti, imeandikwa namba mbili: 80 kwa 20, 85 kwa 15, 93 kwa 7. Ya kwanza ni asilimia ya nyama tupu, ya pili ni mafuta. Kwa pishi hili chukua ya katikati, 85. Ile ya 93 ni kavu, utatafuna kama unaadhibiwa. Ile ya 80 inatoa mafuta mengi mpaka tambi zinaogelea. Huko kwenu bucha haandiki namba, wewe mwambie asikusagie mafuta matupu, na simama hapo hapo uangalie anachotia kwenye mashine.

Na msidhani nyama huku ni ya bure. Mwaka 2025 bei ya wastani ya nyama ya kusaga ilivuka dola 6 kwa paundi, na paundi ni gramu 454 tu, haifiki nusu kilo. Ukame wa miaka kadhaa ulikausha malisho, wafugaji wakauza ng'ombe, na mwanzoni mwa mwaka huo kundi la ng'ombe la Marekani lilikuwa dogo kuliko wakati wowote tangu 1951. Ndiyo maana mnaona hapa nina nyama paundi moja lakini kabichi ni mlima. Kabichi ndiyo inayojaza sahani. Tutakula watu wanne.

Kabla sijawasha moto, kila kitu kiwe kimekatwa na kiko mezani. Hili silegezi. Ukishaanza kukaanga hakuna nafasi ya kumenya kitunguu saumu. Kwa hiyo nina kabichi robo, nimeikata nyembamba, karoti mbili, vijiti, hoho moja, kitunguu maji kimoja, punje nne za kitunguu saumu na tangawizi ya urefu wa kidole gumba, vimesagwa pamoja. Majani ya vitunguu ni ya mwisho, weka pembeni.

Kwenye kikombe hiki kuna mchuzi wake: sosi ya soya vijiko vinne vya chakula, sukari ya kahawia kijiko kimoja, siki kijiko kimoja, maji robo kikombe, na wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chai. Wanga ndio unaofanya mchuzi ushike kwenye tambi badala ya kukaa chini ya sahani. Koroga tena wakati wa kumimina, maana unatuama. Chumvi? Hapana. Mama yangu ana presha, kwa hiyo haya mambo nayafuatilia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina chumvi kama gramu 2 na ushei. Gawa vijiko vinne kwa watu wanne: kila sahani tayari imebeba karibu nusu ya chumvi ya siku nzima. Halafu mtu anaongeza Royco juu yake! Acheni jamani.

Tambi: hizi ni za ngano, zile za manjano, gramu 250. Zinachemka dakika tatu au nne tu. Zitoe zikiwa bado na ukakamavu katikati, zimwagie maji baridi, chuja vizuri, zipake mafuta kidogo zisishikane. Kuna kitu kimoja kilinifurahisha nilipokuja kukijua: ule umanjano wa tambi za aina hii, na namna zinavyovutika bila kukatika, mara nyingi unatokana na chumvi za jamii ya magadi wanazotia kwenye unga. Magadi haya haya tunayolainishia makande na mlenda! Kama huko huna tambi za Kichina, chukua spageti, vunja mara mbili, chemsha kwa maji yenye magadi kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai. Harufu na mguso wake unabadilika kabisa. Ukizidisha zinakuwa na ladha ya sabuni, kwa hiyo nimesema ncha. Na hata Indomie inafaa, ila kile kipakiti cha viungo weka kando.

Haya, sogeeni sasa, hapa ndipo kwenye kazi. Kikaango kikavu, moto wa juu, nasubiri. Jiko langu ni la umeme, hili la koili nyekundu. Linachelewa kushika moto, na likishika halijui kupunguza. Nyie wenye gesi mna bahati, na wenye mkaa na karai ndio kabisa, kwa sababu pishi hili lilizaliwa kwenye moto wa ndimi. Mnaoniandikia kwamba mngekuwa na jiko kama langu mngepika hivi, mimi nalitamani lenu.

Mafuta kijiko kimoja. Nyama nimeigandamiza na karatasi ya jikoni mpaka maji yamekauka juu. Naiweka yote, naitandaza iwe bapa, na sasa… siigusi. Mnasikia huo mlio? Tssss, mkali, wa juu. Ukisikia umegeuka kuwa bwata bwata, ujue nyama inatoa maji na inachemka, haikaangiki. Maji yakiwepo, joto haliendi mbali na nyuzi 100, na nyama haiwezi kuwa ya kahawia mpaka sehemu inayogusa kikaango ifike kama nyuzi 140. Hapo utapata nyama ya kijivu, yenye harufu ya hospitali. Wengi wetu tumezoea kukoroga tangu sekunde ya kwanza, mwiko haupumziki. Uache mwiko. Dakika tatu nzima, angalia kingo.

Sasa geuza. Mmeona upande wa chini? Kahawia ya kweli, imeshika kama ukoko. Ukoko huo ndio utamu wote wa chakula hiki, sosi inakuja kusaidia tu. Sasa ivunje vunje na mwiko, mabonge madogo, usiifanye unga. Kama mmepata nyama nyingi kuliko kikaango, kaangeni mara mbili, msiirundike.

Ngoja niwashe feni. Kile kidude cha duara kwenye dari kinanusa moshi, kikianza kupiga kelele jengo zima linajua mimi ndiye ninayepika.

Na hakikisheni imeiva mpaka ndani. Kipande cha nyama kizima, vijidudu vingi vinakaa juu ya ngozi yake na moto unaviua. Ukishasaga, vya juu vimeingia katikati. Huku wataalamu wa chakula wanataka nyama ya kusaga ya ng'ombe ifike nyuzi 71. Kwa mabonge madogo namna hii haina shida, ukiona hakuna wekundu na maji yote yamekauka umeshapita hapo.

Naitoa nyama, naacha mafuta yake kidogo. Kitunguu na karoti, dakika moja. Hoho na kabichi, nyingine moja na nusu, ziendelee kulia mdomoni. Tangawizi na kitunguu saumu sasa, sio mwanzo, vinaungua na kuwa vichungu upesi. Harufu hiyo hapo! Nyama inarudi, tambi zinaingia, koroga mchuzi wa kwenye kikombe na umimine pembezoni mwa kikaango, sio katikati, uguse chuma cha moto kwanza. Geuza geuza kwa mwiko na uma, kutoka chini kwenda juu, dakika mbili. Ukiona kila uzi wa tambi unang'aa na chini hakuna kimiminika, zima. Majani ya vitunguu, pilipili ya kukaanga kwa anayeweza, na mafuta ya ufuta matone machache moto ukiwa umeshazimwa. Wa nyumbani msiyatafute mafuta ya ufuta kwa bei ya kuumiza. Ndimu nusu juu ya sahani inatosha, na mimi binafsi naipenda zaidi.

Hapa, angalieni. Kuanzia kuwasha jiko hadi sasa haijafika dakika ishirini, na mboga kwenye sahani ni nyingi kuliko nyama.

Kuna mama aliniuliza kama zinalala. Zinalala vizuri. Usiziache mezani zaidi ya saa mbili, tia kwenye chombo chenye mfuniko, weka kwenye friji. Kesho zirudishe kwenye kikaango na vijiko viwili vya maji, funika kidogo, kisha funua zikauke. Mimi nabeba kazini, na hapo kwenye chumba cha chakula wenzangu wanaanza kuuliza kimepikwa nini.

Haya, nile kabla hazijapoa. Mlioomba kisamvu, nimekipata cha kugandishwa kwenye duka la Waafrika, tutakipika Jumamosi na nazi yake. Shangazi, hiyo ni yako. Kwaherini.