Mwili Uliomo Kwenye Kompyuta ni wa Nani?

Mhadhara mbele ya wanafunzi wa uhandisi, wauguzi na wakunga, Mbeya

Mwagonile. Na ninyi wa Iringa mliopanda basi la alfajiri, kamwene. Wakunga, naomba msikae nyuma. Leo ninyi ndio wenye somo, sisi wahandisi tumekuja kuomba kazi.

Nianze na hesabu, kwa sababu wanafunzi wangu wakisikia neno uzazi wanaangalia chini, ila wakisikia shinikizo wanachukua kalamu. Kichwa cha mtoto anayetoka vizuri, kidevu kimeinamia kifua, kina upana wa karibu sentimita 9.5. Duara la upana huo lina eneo la sentimita za mraba 71. Uchungu ukikolea, shinikizo ndani ya kizazi linafika kama milimita 60 za zebaki, yaani kilopaskali 8. Zidisha, unapata nyutoni 57. Mama akisukuma kwa nguvu zake mwenyewe, shinikizo linaweza kufika maradufu, na nguvu inakuwa nyutoni 113 hivi. Huo ni uzito wa kilo 11 na nusu. Ndoo ya lita 20 inayobebwa kila asubuhi kutoka bombani ni nzito kuliko hiyo.

Kwa hiyo nguvu yenyewe si ya kutisha. Cha kuogopa ni kuvutika kwa misuli, na muda.

Tuanze na kuvutika. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa, inashikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Tunaiita sakafu ya nyonga. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitengeneza modeli ya kompyuta ya misuli hiyo wakapitisha ndani yake kichwa cha mtoto. Mkanda mmoja wa misuli, ule mfupi ulio karibu zaidi na katikati, ulivutika hadi mara 3.26 ya urefu wake wa mwanzo. Misuli ya kawaida ya mkono au mguu huumia mapema mno kabla ya kufika huko. Lakini mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limepiga picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, wanawake 160 waliojifungua kwa mara ya kwanza, likakuta 32 wenye misuli iliyochanika. Mmoja kati ya watano. Wanne waliobaki walipita salama, ingawa ukifuata takwimu za misuli ya mguu wangepaswa kuumia nao. Mwili wa mjamzito unajibadilisha nyama zake kabla ya siku ile, na kila modeli inayopuuza badiliko hilo inahesabu mwili ambao haupo.

Sasa twende Porto, Ureno. Kuna taasisi ya utafiti wa uhandisi inaitwa INEGI, ilianzishwa 1986 na ina uhusiano wa karibu na Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Porto. Wale ni watu wa vyuma na mitambo. Ndani yake kuna timu ya biomekanika ya kompyuta, yaani hesabu za nguvu zinazoukabili mwili, ambayo kwa miaka mingi imeshughulika na afya ya wanawake: kujifungua, kizazi kushuka, mkojo kutoka bila hiari, nyavu za kushikilia viungo vilivyoteremka. Mwaka 2008 walichapisha modeli yao ya sakafu ya nyonga wakati wa kujifungua, na mvutiko mkubwa waliopata ulikuwa mara 1.63 ya urefu wa mwanzo. Baadaye wakamgeuza mtoto, kisogo kikaelekea mgongo wa mama, wakaonyesha kwamba mlalo huo unaivuta misuli zaidi. Mkunga yeyote wa hapa angewaambia hivyo bila kompyuta. Lakini mkunga hana namna ya kusema ni zaidi kiasi gani, na wapi hasa.

Mwanafunzi makini ameshaona tatizo. Michigan wanasema 3.26, Porto 1.63. Nani mkweli? Wote wawili, kwa sababu hawakupima kwa njia moja, hawakuipa misuli tabia moja, na zaidi ya yote hawakutumia mwili mmoja. Michigan walichukua picha za mwanamke hai wa miaka 34 ambaye hajawahi kuzaa. Porto, katika modeli ile ya kwanza, walitumia vipimo vilivyochapishwa na Waholanzi mwaka 2003, na vipimo vile vilitoka kwenye maiti ya mwanamke wa miaka 72.

Naona mnacheka. Ndiyo, bibi wa miaka 72, aliyekwisha kufariki, ndiye aliyejifungua ndani ya kompyuta ya Porto. Simcheki mtu. Ndivyo vipimo kamili vilivyokuwepo wakati ule, na walisema wazi vimetoka wapi. Tangu hapo modeli nyingi zimetengenezwa kwa picha za wanawake walio hai. Ila swali linabaki palepale, na ndilo lililonileta: mwili uliomo kwenye kompyuta ni wa nani? Umekula nini, umebeba nini, umezaa mara ngapi, na mara ya kwanza ulikuwa na miaka mingapi?

Mbinu yenyewe niipitie haraka, mtaisoma darasani. Inaitwa elementi finaiti. Unalikata umbo gumu katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kila kipande unakipa sheria yake ya kuvutika, halafu kompyuta inavioanisha vyote. Turner, Clough na wenzao waliandika msingi wake mwaka 1956 kutokana na kazi ya mabawa ya ndege kule Boeing, na Clough akaipa jina mwaka 1960. Kila mwaka hapa tunakokotoa nayo madaraja na mapaa. Tofauti ni kwamba chuma cha daraja la Mbeya ni sawa na chuma cha Porto. Nyama ya mtu haina kiwanda.

Wakunga wanaweza kudhani mambo ya modeli ni mageni kwao. Hapana. Ile patografu mnayoijaza leba, chati ya mwendo wa uchungu, ni modeli ya hisabati, na ina asili ya kusini mwa Afrika, pale tunapopaita leo Harare. Philpott na Castle waliichapisha 1972. Walikuwa na shida tunayoijua vizuri: kliniki ziko mbali, daktari yuko mjini, mkunga yuko peke yake usiku, na lazima aamue lini ampe mama gari. Wakachora mstari wa tahadhari, mlango wa kizazi ukifunguka sentimita moja kwa saa, na saa 4 mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Waliupata mstari huo kwa kupima akina mama waliokuwa wakijifungua palepale, hawakuuagiza kutoka nje. Halafu miaka ikapita, wanawake zaidi ya 5,000 wa Nigeria na Uganda wakapimwa upya katika utafiti uliochapishwa 2018, ikaonekana wengi wanafunguka polepole kuliko ule mstari na wanajifungua salama. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ukaacha sharti la sentimita moja kwa saa. Modeli ilisahihishwa kwa sababu kuna watu walikwenda kupima.

Nilisema pia muda. Kichwa kikikwama, kinabana nyama kati yake na mfupa. Katika uchungu wa kawaida nyama hizo hupata nafasi ya kupumua kila kizazi kinapolegea, damu inarudi. Kichwa kilichokwama hakiachii. Damu haipiti, nyama inakufa, na siku chache baadaye mkojo unaanza kutoka wenyewe. Tundu hilo ndilo fistula. Ni jeraha la kimekanika, na kipimo chake ni shinikizo likizidishwa kwa saa. Ndiyo maana kwa mhandisi barabara ya mlimani Makete wakati wa masika ni sehemu ya biomekanika ya nyonga, hata kama hakuna modeli inayoichora. Vifo vya uzazi tumevipunguza, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 ule wa 2015/16. Ni jambo kubwa. Lakini aliyepona kifo ana miaka 40 mbele yake ya kuishi na mwili uliotoka leba, na huo mwili hauhesabiwi na mtu.

Kilimanjaro wamejaribu kuuhesabu. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwachunguza wanawake zaidi ya 1,000 vijijini, na karibu asilimia 65 walikutwa viungo vya nyonga vimeteremka kwa kiwango fulani, ingawa wenye hali mbaya kabisa walikuwa wachache. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hali hiyo ni kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi kwa siku. Hapo ndipo masikio yangu yanaposimama, kwa sababu mizigo naijua. Mbozi, Rungwe, Kilolo, twendeni popote: kuni, maji, ndizi, viazi, mtoto mgongoni.

Kuna kazi maarufu ya 1986, iliyofanyika Kenya kwa wanawake Wajaluo na Wakikuyu, iliyogundua kwamba waliweza kubeba, Wajaluo kichwani na Wakikuyu kwa mkanda wa paji la uso, hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati ya ziada. Wanasayansi walistaajabu sana. Mimi nastaajabu kidogo tu, kwa sababu walipima hewa iliyovutwa, nyonga haikuguswa. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo ni kilo 20. Hizo 8 za ziada zinalipiwa na sehemu gani ya mwili?

Na mhandisi asiyeuliza swali hilo mapema huleta madhara. Nyavu za plastiki ya polipropilini ziliwekwa katika wanawake wengi Ulaya na Marekani kushikilia viungo vilivyoshuka. Zilikuwa ngumu kuliko nyama inayozizunguka. Kwa baadhi yao zikakwaruza, zikatokeza, zikaleta maumivu yasiyokwisha. Uingereza ilisitisha matumizi yake 2018, na Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza nyavu za kurekebisha viungo vya nyonga vilivyoshuka kupitia ukeni ziondolewe sokoni. Porto sasa wanafanyia kazi nyavu zinazoyeyuka polepole zenye ulaini unaokaribia wa nyama. Nasema wazi: nyavu hizo zisije zikafika hapa zikiwa zimepimwa kwa mwili wa mwanamke asiyewahi kushika jembe.

Ninachokiomba basi hakihitaji mashine ya mabilioni. Altrasaundi ya pande tatu inaona sakafu ya nyonga vizuri. Programu ya FEBio, iliyotengenezwa Utah, ni ya bure. Kinachohitajika ni vipimo, ridhaa ya akina mama wenyewe, kibali cha maadili, na mkunga anayeaminika kijijini kwake.

Mkunga mmoja kutoka Rungwe aliuliza kama kompyuta inasema nini juu ya kumwongezea mama njia kwa mkato. Porto walilikokotoa: mkato unapunguza mzigo kwenye misuli ya ndani, lakini nao ni jeraha, na Shirika la Afya Duniani tangu 2018 halishauri ufanywe kwa kila mama kama desturi. Akauliza tena: hiyo ni kwa mama wa uzao wa kwanza au wa sita? Modeli nyingi ni za uzao wa kwanza. Akasema kwenye kliniki yake wa uzao wa nne na wa tano ni wengi, na daftari la miaka yote lipo kabatini. Nikamwomba tukutane baada ya chai, na wanafunzi wangu wawili waje na kalamu.