Historia au Jiografia: Nafasi Moja Iliyobaki

(Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya wanafunzi wa Gredi ya 9 na wazazi wao)

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Wazazi wangu, walimu wenzangu, wanangu, hamjambo.

Wiki iliyopita binti mmoja alinifuata nje ya darasa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Mkondo ameshauamua, Sayansi za Jamii. Katika masomo matatu ya kuchagua kwa Gredi ya 10, mawili ameshayaandika: Fasihi ya Kiswahili na Masomo ya Biashara. Mstari wa tatu aliandika Historia na Uraia, akafuta, akaandika Jiografia, akafuta, akarudia hata karatasi ikatoboka. Akaniuliza, "Mwalimu, ungekuwa wewe ungechukua lipi?" Sikumjibu. Nilimwambia aje leo, na namwona amekaa safu ya tatu. Basi mkinisikia kana kwamba nasema na mtu mmoja, ni yeye, lakini najua wenye karatasi iliyotoboka humu ndani ni wengi.

Utaratibu wenyewe mnaujua, sitaukawiza. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala huu mpya wa Kenya iliingia sekondari pevu Januari 2026. Yapo masomo ya lazima, Kiingereza, Kiswahili na Hisabati yakiwemo, kisha mtoto anachagua matatu na kukaa nayo miaka mitatu. Wazazi mliosoma kabla ya mwaka 1990 mnakumbuka kidato cha 5 na cha 6, jinsi mtu alivyobaki na masomo machache akayachimba mpaka chini. Jirani zetu Tanzania bado wanavyo vidato hivyo, na mchanganyiko wa masomo wanauita tahasusi. Mwenye HGL anasoma Historia, Jiografia na Kiingereza. Mwenye HKL anaiacha Jiografia na kuchukua Kiswahili. Kwa hiyo swali la binti huyu lina wenyewe kila mahali.

Nianze na kosa langu. Mimi nilisoma mtaala wa zamani, ule wa 8-4-4. Mwisho wa kidato cha pili ilizungushwa karatasi darasani, tukapewa muda hata wa kunywa chai haukutosha. Niliandika Historia kwa sababu mwalimu wake alikuwa mpole na alisimulia vizuri, na yule wa Jiografia alikuwa mkali. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu haujaisha, yule mpole akahamishwa. Tukakaa wiki nyingi bila mwalimu, tukinakili daftari za waliotutangulia. Nililia, nasema kweli. Wanangu, mwalimu ni mtumishi, anaweza kuhamishwa kesho. Ukichagua somo kwa ajili ya mtu, siku akiondoka unabaki na somo usilolijua ni la nini.

Kilichonibakisha katika Historia ni kaburi. Shule ilitupeleka kwenye magofu ya mji wa Gede, na pale karibu na lango kuna kaburi lenye tarehe iliyochorwa kwenye lipu: mwaka 802 wa Hijria. Mwongozaji alituambia tuutafute mwaka wa Miladi. Nikakokotoa kwenye kiganja kwa kalamu, nikakosea, nikarudia, ikaja 1399. Nilisimama pale jua kali, nikaona kwamba mtu fulani alifariki, jamaa zake wakaandika mwaka, na kwa sababu waliandika, sisi tunaweza kuupanga mji mzima ule. Vigae na kuta zinazohusiana na kaburi lile zinapata umri kutokana na mstari mmoja. Wenzangu walikuwa wamekwenda kutafuta kivuli. Mimi sikutaka kuondoka.

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka. Msiulize kwanza lipi rahisi, wala lipi lina alama. Ulizeni ni ushahidi wa aina gani mnaweza kukaa nao siku nyingi bila kuuchoka.

Chukueni jambo moja la hapa kwetu. Kila mtoto wa Malindi ameiona ile nguzo ya Vasco da Gama, wengine mmepigia picha za Idi pale. Mreno huyu alifika hapa Aprili 1498, akapewa rubani na mfalme wa Malindi, akaondoka tarehe 24, na baada ya siku kama 23 za bahari tupu akaiona India. Haya ni masimulizi ya darasa la chini. Sasa tazameni masomo mawili yanavyoyashika.

Mtu wa Historia atauliza: rubani alikuwa nani? Ipo shajara ya safari ile, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwemo melini, nayo yasema rubani alikuwa Mkristo. Mwandishi wa Kireno wa baadaye, João de Barros, anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, na anamwita Malemo Cana. Kisha mwandishi wa Makka wa karne ile ya 16 anasema aliyewaonyesha Wareno njia ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Uarabuni, na hili ndilo lililoenea mpaka leo, hata watu wazima humu mlifundishwa hivyo. Vyanzo vitatu, marubani watatu. Utafanya nini? Utauliza nani alikuwepo na nani alisikia. Utauliza kwa nini mwenye shajara aone Mkristo, ukagundua kwamba Wareno wale waliwadhania Wahindu kuwa ni Wakristo, na walifanya hivyo tena na tena. Utalitazama jina Malemo ulitamke kwa sauti, mara mbili, mpaka usikie neno letu wenyewe ndani yake: maalim, mwalimu, jina la mjuzi wa njia za baharini. Wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba alikuwa Ibn Majid. Lakini jina kamili la mtu yule, na nyumba yake, hatunayo, na pengine hatutayapata. Mwanahistoria lazima aweze kulala usiku na jambo hilo. Kama kutopata jibu kamili kunakuumiza sana, zingatia hilo kabla hujaandika.

Mtu wa Jiografia atachukua safari ile ile na kuuliza swali lingine kabisa. Kwenda ilikuwa siku 23. Kurudi, waliiacha India mwanzoni mwa Oktoba, na pwani yetu ya Afrika hawakuiona mpaka mwanzoni mwa Januari 1499. Karibu miezi mitatu! Bahari ni ile ile, meli ni zile zile. Watu wakafa kwa kiseyeye, fizi zimevimba mpaka zimefunika meno. Waliporudi Malindi walikuwa wachache hata baada ya siku si nyingi wakaichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa kukosa mikono ya kuziendesha zote. Kwa nini?

Mvuvi yeyote wa hapa atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Walikwenda na kusi. Walirudi katika maleleji, kusi imekufa na kaskazi haijashika, tanga linaning'inia kama shuka kwenye kamba. Lakini Jiografia haiishii kwenye jibu la mvuvi, inataka kujua pepo zenyewe zinatoka wapi. Miezi ya kati ya mwaka bara la Asia linapata joto kuliko bahari, hewa yake inapaa, na hewa ya baharini inakimbilia pale; mzunguko wa dunia unaipinda njiani, nayo inatufikia ikiwa kusi. Mwisho wa mwaka bara linapoa, mambo yanageuka, inakuja kaskazi. Jambo hili unaweza kulipima mwaka huu, ukalipima mwakani, na mwenzako wa Muscat akapima lake mkalinganisha. Hiyo ndiyo raha ya Jiografia: ushahidi wake haujafa. Uko nje, unakungoja.

Nina mwenzangu anayefundisha Jiografia, na kwenye dirisha la ofisi ya walimu amepanga chupa za maji. Ukiingia utadhani ni za kunywa. Ni maji ya mto Sabaki, anateka darajani kila mwezi, anabandika tarehe, anaacha yatulie usiku kucha, kisha anapima tope lililokaa chini kwa rula. Chupa ya Februari ina utando mwembamba kama ukoko wa chai. Ya mwezi wa mvua za masika, tope lake ni la kuchovya kidole. Nilipita pale miezi bila kuuliza. Siku nilipouliza alinieleza kwa nini bahari yetu hugeuka rangi ya udongo mvua zikinyesha bara, na kwa nini ufuo wa mjini umezidi kujaa mchanga na kusogea baharini. Mto ule juu unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, kwetu ndio Sabaki, na udongo unaotufikia umeng'olewa kwenye mashamba na malisho mbali sana huko juu. Nimeishi Malindi maisha yangu yote, nikiyaona maji yale mekundu kila mwaka, na sikuwahi kuyasoma. Hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo binti yangu, mimi ni mtu wa Historia, lakini usinifuate mimi.

Yupo mama pale nyuma ameinua mkono tangu nianze, na nadhani nalijua swali lake: kazi. Mama, ni swali la haki, ada ni yako. Historia imewapeleka watu kwenye sheria, ualimu, uandishi wa habari, utawala, makumbusho. Jiografia imewapeleka kwenye mipango miji, utabiri wa hali ya hewa, utunzaji wa mazingira, utengenezaji wa ramani kwa kompyuta. Utalii, ambao ndio sahani ya wengi hapa mjini, unataka yote mawili. Lakini nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kumkataza mtoto: kama ana kozi anayoitaka, tafuteni pamoja masomo ambayo kozi hiyo inayadai, kisha ulizeni shule anayoitaka inafundisha mchanganyiko upi. Si kila shule ina kila kitu. Nimeona mzazi na mtoto wamegombana mwezi mzima juu ya somo ambalo shule yao hata haina mwalimu wake.

Na la mtihani niliseme haraka, maana najua linawakera. Wanaokimbilia Historia kwa kuogopa hesabu watakutana na insha ndefu, na insha isiyo na hoja haina alama hata ikiwa na tarehe mia. Wanaokimbilia Jiografia wakidhani ni kuchora ramani tu watakutana na karatasi ya kipimo cha 1:50,000, mistari ya kontua, ile ya kuonyesha miinuko, imesongamana kama nywele, na lazima waseme mto unateremkia upande gani. Hakuna maficho kokote.

Sasa binti yangu wa safu ya tatu. Jumamosi hii sikuombi usome kitabu chochote. Asubuhi panda uende daraja la Sabaki na chupa tupu. Teka maji, simama dakika kumi, andika kila unachokiona: rangi, kasi, mchanga uko upande gani, miti imeshika wapi. Mchana nenda kwa bibi yako, nasikia alizaliwa Mambrui. Muulize kuhusu mto ule ule siku za utoto wake, walivuka vipi, nani alizama, daraja lilikuja lini. Andika anavyosema. Halafu mtafute mzee mwingine, umuulize yale yale, uone wanapotofautiana. Utakuwa na kurasa mbili. Jumatatu niletee zote, na unionyeshe ni ukurasa gani ulitaka kuuendeleza, na upi uliandika kwa sababu tu mwalimu amesema.

Karatasi nyingine safi ninayo mfukoni, nitakupa. Mama wa pale nyuma, karibu, sema swali lako kwa sauti.