Asiyeweza Kukataa Bei Hajawa Huru

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamoni, na ninyi vijana mliojaa hadi mlangoni, habari za mchana.

Mada niliyopewa ni uhuru wa mtu kupitia biashara yake mwenyewe. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na tayari kuna mzee hapa mbele anatabasamu. Naam, nitaanzia mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Mvuvi wa sangara ana mtumbwi wenye jina lake ubavuni. Hana bosi wala hasaini daftari la mahudhurio. Lakini injini aliyofunga ameikopa kwa wakala, nyavu ni za wakala, na petroli ya safari ya jana imeandikwa katika daftari la wakala huyohuyo, kwa makubaliano kwamba samaki wote atamuuzia yeye mpaka deni liishe. Anapotia nanga asubuhi, wakala anatazama mizani, anataja bei, na mvuvi anaitikia. Hawezi kuwapeleka samaki kwa mnunuzi mwingine aliyesimama palepale akitoa zaidi, wala hawezi kusubiri hadi jioni, maana barafu nayo ni ya wakala. Nyavu zikiibwa usiku ziwani, hasara ni ya mvuvi peke yake. Mtu huyu mimi namhesabu kuwa mwajiriwa asiye na likizo wala mafao, na nimechoka kuwasikia wahamasishaji wakimpigia makofi eti amejiajiri.

Mtaniambia kwamba wakala naye ametia fedha zake na lazima azilinde. Ni kweli, na simlaumu. Ninachouliza ni kama mvuvi yuko huru, na kipimo changu ni kimoja tu: je, leo anaweza kuikataa bei na bado watoto wake wakapata chakula?

Tazameni dagaa. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika, dagaa huadimika na bei hupanda. Hilo halifichiki kwa yeyote anayeishi kando ya ziwa hili. Kwa nini basi wakaushaji wengi humaliza mzigo wao wakati wa neema, kwa bei ya kutupa? Kwa sababu ile mikopo tunayoiita kausha damu, yenye marejesho ya kila siku, haisubiri mbalamwezi ipandishe bei.

Namfahamu mama mmoja wa Igombe anayeanika dagaa wake juu ya vichanja vya nyavu, si mchangani. Vichanja hivyo alivijenga kimoja kimoja kutokana na faida, huku wenzake wakimcheka kwamba anaogopa kukopa. Mnunuzi akifika pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, huchota dagaa wachache, huwasugua kiganjani, kisha hutafuna mmoja. Asiposikia chembe ya mchanga kwenye meno, huongeza bei bila kubembelezwa. Nimemshuhudia mama huyo akitajiwa bei asiyoitaka. Hakubishana. Alilifunga gunia lake kwa kamba, akamwita kijana wa mkokoteni alirudishe stoo, na mnunuzi akamfuata hadi nje ya lango. Uhuru ninaouhubiri ni huo, nao haukuanza siku alipoacha kazi ya mtu, bali siku alipoweza kulala na mzigo ndani bila hofu ya mtu wa kubisha hodi.

Namwona kijana pale ananyoosha mkono. Anataka kuuliza maskini ataanzaje bila mkopo. Sijasema msikope. Nasema someni mnachosaini. Tangu mwaka 2018 tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na kampuni za mikopo zisizopokea amana zimewekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 35,000 kwa kila milioni moja. Anayekutoza mara kadhaa ya hapo, kisha akashikilia kadi yako ya benki, si mkombozi wako. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Foleni ni ndefu na vikundi huvunjika kwa ugomvi, nalijua hilo; hata hivyo, foleni haimkaushi mtu damu.

Wala msinielewe vibaya kuhusu ajira. Mwalimu anayelipwa mshahara na kufuga kuku taratibu, bila deni, ana uhuru mwingi kuliko mwenye duka ambaye kila bidhaa rafuni ni ya mtu mwingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nilikuwa na mengine mawili. Fedha za biashara zitenganisheni na za nyumbani: jilipe mshahara, na shemeji akija na shida ya karo, msaidie kwa mshahara huo, usifungue droo ya duka. Kuhusu leseni na kodi, nitasema tu kwamba anayewakimbia maofisa kila siku naye hana uhuru. Mengine watayaeleza wenzetu wa mapato watakaonifuata. Mwenye mkataba wa mkopo mfukoni asiondoke baada ya maswali, tuusome pamoja kifungu kwa kifungu.