Choo Kwanza, Sebule Baadaye: Kumkumbuka Balkrishna Doshi

Mbukwenyi! Mwenyekiti, wazee wangu, mafundi, na ninyi wanafunzi mliojibanza kule mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nimkumbuke Balkrishna Doshi, msanifu majengo na mwalimu, aliyefariki Ahmedabad, India, tarehe 24 Januari 2023 akiwa na miaka 95. Habari zake za jumla mnazo: mzaliwa wa Pune, 1927, ukoo wa mafundi samani, akaenda Paris mwaka 1951 kufanya kazi kwa msanifu mashuhuri Le Corbusier, mwaka 2018 akawa Mhindi wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu majengo. Hayo sitayarudia. Nimekuja kuzungumzia Aranya, na wanaonifahamu wanajua kwamba kila nikishika kipaza sauti mjini hapa nazungumzia Aranya. Nitaendelea mpaka mtu wa viwanja anisikie.

Aranya ni mtaa ulio kando ya mji wa Indore, India, uliokamilika mwaka 1989. Viwanja kama 6,500, vilivyopangwa vikae watu 80,000 hivi, wengi wao wa kipato cha chini kabisa. Fedha za kuwajengea wote nyumba hazikuwepo. Sasa sikilizeni alichofanya Doshi. Alianza na vile ambavyo mtu maskini hawezi kujitengenezea peke yake: barabara, maji, mfereji wa majitaka. Kwenye kiwanja akaweka msingi uliokwisha kujengwa, na juu ya msingi ule choo na mahali pa kuogea. Wengine walipata na chumba kimoja. Kiwanja kidogo kabisa kilikuwa mita za mraba 35. Yaliyobaki yalikuwa ya mwenye nyumba: mwaka huu chumba, akipata hela jiko, mtoto akikua ghorofa.

Hakuwaacha hivi hivi, lakini. Alijenga nyumba za mfano 80, ili watu waone kwa macho jinsi nyumba inavyoweza kukua. Ngazi aliipitisha nje, ili siku ukiongeza chumba cha juu umpangishe mtu bila kumpitisha sebuleni kwako. Mbele ya mlango akaweka kibaraza cha kukaa jioni, miguu karibu na barabara, mama anachambua mchele huku anaangalia watoto. Vitu vidogo, lakini mtu aliyevichora alikuwa amekaa akawatazama watu wanavyoishi.

Sasa twende nyumbani. Piteni Nala au Nzuguni, hapa Dodoma, jioni yoyote, mtaona familia imehamia kwenye boma, nyumba ambayo haijakwisha. Limepauliwa chumba kimoja tu, bati la mtumba limekandamizwa kwa mawe. Dirishani wamepanga tofali kavu, bila udongo bila saruji, ili siku wakipata nondo za dirisha wazitoe bila kuvunja. Mlango ni kanga. Kuta za vyumba vitatu, sebule na masta zimesimama hadi kwenye linta, zinanyeshewa mwaka wa tano. Na choo? Shimo pembeni ya kiwanja, limezungushiwa viroba.

Yaani choo, kitu ambacho familia inakihitaji usiku wa kwanza kabisa, ndicho kinachokuja mwisho! Na anayelaumiwa ni mwenye nyumba, eti hana mpango. Mpango anao. Sisi wasanifu ndio tuliomchorea ramani ya nyumba iliyokamilika, na kibali kikatolewa kwa nyumba iliyokamilika, wakati kila mtu ofisini anajua mshahara wa mwenye nyumba utajenga kwa miaka kumi. Ramani haina ukurasa unaomwambia aanzie wapi na ahamie lini. Fundi ndiye anayejaza pengo hilo, kichwani mwake, bila kulipwa kwa kazi hiyo.

Najua kuna anayejisemea, "Mwalimu anatetea ujenzi holela." Hapana, hapana kabisa. Ujenzi holela ni watu kutangulia na bomba kufuata, halafu tunakuja na greda kubomoa. Doshi alitanguliza bomba. Hakuna kitu chenye nidhamu kuliko hicho.

Mwingine atasema hiyo ni India. Bwana, sisi wenyewe tulishafanya! Sinza, Kijitonyama, Mikocheni, kule Dar es Salaam, miaka ya 1970, miradi ya viwanja na huduma, kabla Aranya haijachorwa. Na mzee aliyetikisa kichwa pale mbele nimemwona: ni kweli, viwanja vingi vya Sinza viliishia mikononi mwa wenye uwezo. Ndiyo maana Aranya ilichanganya watu tangu kwenye ramani. Wenye kipato kikubwa waliwekwa pembezoni na kwenye barabara kuu, na mauzo ya viwanja vyao yakasaidia kubeba gharama za wale wa chini. Sisemi hakuna aliyeuza kiwanja chake kule. Nasema tatizo lilionekana mapema, likachorewa jibu. Sisi tumeliona miaka hamsini, na bado tunatangaza viwanja kwa bei moja ya mita ya mraba kama vile wote tunapokea mshahara mmoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, upesi.

Ualimu wake: mwaka 1962 alianzisha shule ya usanifu pale Ahmedabad, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha CEPT. Jengo alichora mwenyewe, la matofali, wazi, hewa inapita, wanafunzi wakikaa kubishana kwenye ngazi na vivulini. Wanafunzi, ombeni darasa la namna hiyo, tena ombeni mafundi wawafundishe humo.

Joto: ofisi yake, Sangath, aliichimbia nusu ardhini na kuipa mapaa ya mviringo yaliyofunikwa vipande vya vigae vyeupe vilivyovunjika, jua ligonge lirudi. Ahmedabad joto hupita nyuzi 40. Dodoma tunaezeka bati jeusi kwa sababu linapendeza kwenye picha, kisha tunanunua feni. Hili lina mhadhara wake, nitakuja nao nikialikwa.

La mwisho. Kuna nyumba za shirika la bima alizozijenga Ahmedabad mwaka 1973. Miaka ikapita, wenyeji wakaongeza vyumba, wakaziba baraza, wakabadilisha hadi sura ya mbele. Doshi alifurahi, kwa sababu alizichora akitegemea watazibadilisha. Wasanifu wangapi humu wangefurahi? Nataka jibu la kweli, na naanza na ninyi wa idara ya vibali. Kipaza sauti mpeni yule dada wa koti la bluu.