Ngoro: Mlima Uliochimbwa kwa Jembe la Mkono

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni.

Hapa Dar es Salaam ukitaja Mbinga, mtu anakumbuka kahawa. Kahawa ilifika kwetu Umatengo miaka ya 1920 na imesomesha watoto wengi, sibishi. Lakini kilichotulisha ni ngoro, kilimo chetu cha mashimo na matuta mlimani.

Karne ya 19 Wangoni waliingia Ruvuma kutoka kusini, na Wamatengo wakajihifadhi milimani. Huko juu watu wengi, ardhi finyu, mteremko mkali. Hapakuwa na pori la kuhamia shamba likichoka. Udongo ukishuka mtoni, ndiyo basi tena.

Sasa tazameni walichofanya. Mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka majani, wakayalaza kwa mistari inayokatana, mpaka mlima unaonekana kama umetandikwa wavu. Kila jicho la wavu ni kama hatua mbili. Kisha wanawake huingia na majembe: wanachimba katikati ya kila jicho, udongo wanaurusha juu ya majani pande zote nne. Katikati linabaki shimo, pembeni matuta, na maharage yanapandwa kwenye matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatuama shimoni, tope halina pa kukimbilia, na majani yanaozea chini ya mizizi. Msimu unaofuata, mahindi.

Huko Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 wakakataa, yakazuka machafuko. Ngoro hakuna aliyeamrishwa. Ilitoka kwa wenyewe, ndiyo maana imedumu.

Lakini tusiseme tu “ujuzi wa Wamatengo” tukapita. Ujuzi huo ulikuwa kwenye migongo ya wanawake. Nilipokuwa mtoto nilimfuata bibi yangu shambani, na alikuwa ameinama tangu umande haujakauka hadi jua la utosi, kwenye mteremko ambao mimi nilishindwa kusimama bila kushika majani. Pesa ya kahawa ilipoingia, haikupita mikononi mwake. Hilo bado linaniuma.

Mahindi yakishavunwa, mashimo huhama. Majani mapya yanalazwa juu ya mashimo ya zamani, na shimo jipya linachimbwa pale matuta yalipokutana. Bibi hakuwa na kamba wala kipimo. Alikuwa akigusa ardhi kwa kidole cha mguu, ananiambia: “Hapa.” Anasogea hatua mbili. “Na hapa.”