Banza CL ni nani? Kuhesabu nukuu na ushirikiano wa mtafiti wa tiba

(Mhadhara kwa maasistanti na ma-CT, yaani chefs de travaux, wa tiba, Lubumbashi)

Waheshimiwa maprofesa, madaktari, na ninyi maasistanti mliojazana kule mlangoni, jambo yenu wote. Najua kilichowaleta. Mfadhili wa nje ameuliza h yako ni ngapi, yaani ile namba inayopima makala zako zimetajwa, au kunukuliwa, mara ngapi na watafiti wengine, nawe ukabaki unatazama kompyuta.

Basi tuanze na hiyo h. Aliyeibuni mwaka 2005, Jorge Hirsch, wala si daktari. Ni mwanafizikia wa California. Hesabu yake haihitaji hata kalkuleta. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha teremka hadi makala ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui nafasi yake kwenye orodha; nafasi hiyo ndiyo h. Tuseme unazo sita, zimenukuliwa mara 40, 12, 6, 5, 3 na 0. Teremka nazo: ya nne ina nukuu 5, inatosha, ya tano ina 3, haitoshi. h yako ni 4. Sasa ile ya kwanza ipande kutoka 40 hadi 4,000, h inabaki 4 ileile. Tena katika hesabu yenyewe h haishuki. Mzee aliyestaafu anaweza kuendelea kupanda huku yuko kwake Kipushi anamwagilia lengalenga, na kijana mwenye makala tatu, hata zikitikisa dunia, hawezi kuvuka 3.

Halafu kila hifadhidata ina h yake. Google Scholar huhesabu karibu kila inachokiona: tasnifu, ripoti, makala ambazo bado hazijapitiwa na wataalamu. Scopus na Web of Science huchagua majarida kwanza. Ukinukuliwa katika buletini ya Kifaransa iliyochapwa hapa mjini, huenda Google Scholar ikaiona na zile nyingine zisiione. Kwa hiyo anayekutajia h bila kutaja ameitoa wapi na lini, bado hajakuambia kitu.

Lakini tatizo letu sisi linaanza kabla ya hesabu. Linaanza kwenye jina.

Fungueni PubMed, ile hifadhidata ya bure ya makala za tiba, wenye mtandao. Tafuteni makala ya 2009 katika jarida la Environmental Research kuhusu kobalti na metali nyingine katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Mwandishi wa kwanza ni Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, wa hapahapa kwetu. Ameandikwa vipi? "Banza CL." Sasa nendeni kwenye makala ya 2018 katika Nature Sustainability, ile ya wachimbaji wa Kasulo, Kolwezi. Hapo ameandikwa "Banza Lubaba Nkulu C." Mtu yeyote wa Kasapa, kampasi yetu ya chuo, anajua ni yuleyule. Mashine inaweza kuona watu wawili, kila mmoja na nukuu zake, na h ya kila mmoja huenda ikawa chini ya ile ambayo angepata akihesabiwa kama mtu mmoja.

Mifumo hii ilijengwa kwa ajili ya watu wenye prenomu moja au mbili na jina moja la ukoo. Sisi tuna jina, postnomu (jina la pili linalofuata lile la kwanza) na prenomu, na kila mhariri anakata anapopenda. Wazee walioandika enzi za Zaire, prenomu za Kikristo zilipopigwa marufuku kuanzia 1972, wametawanyika zaidi. Dawa yake ni ORCID: namba ya tarakimu 16, ya bure, iko tangu 2012. Kaifungue leo, umeme ukiruhusu. Kisha chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe, hata promota, yaani msimamizi wa tasnifu yako, akikuambia ni refu. Chuo nacho kina tabu hiyohiyo, kimoja huandikwa kwa namna tatu: UNILU, Université de Lubumbashi, University of Lubumbashi.

Ushirikiano je? Hapo ndipo mimi hutazama kwanza, kabla ya h. Katika tiba, mara nyingi wa kwanza kwenye orodha ya waandishi ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye aliyeiongoza. Zile makala mbili za kobalti, zote zinaanza na Banza wa Lubumbashi na kuishia na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji. Miaka tisa imepita kati yake na mwenzetu bado yuko mbele. Hilo linaniambia mengi kuliko namba yoyote. Tazameni pia jaribio la dawa nne za Ebola lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681, likachapwa 2019 katika New England Journal of Medicine: mwandishi wa kwanza ni Sabue Mulangu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba kule Kinshasa.

Linganisheni na mwenzetu mwenye makala kumi na tano za kimataifa, na katika zote yuko katikati, wa kumi na mbili kati ya thelathini. Ukihesabu kila makala kuwa nzima, anatisha. Ukigawanya kila makala kwa idadi ya waandishi wake, hafikishi hata makala moja. Simlaumu, wengi hukusanya sampuli, hutafsiri dodoso, hushinda kijijini wiki nzima, kisha rasimu inakuja imekwisha andikwa. Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba zinadai mwandishi achangie kazi, ashiriki kuandika au kusahihisha, aidhinishe toleo la mwisho na awajibike. Mwenye sampuli aombe rasimu mapema, si siku ya kutuma.

Kuhusu fani, kwa kifupi: anayetafiti konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na mihogo isiyoandaliwa vizuri, hatanukuliwa kama anayetafiti malaria, maana wenzake duniani ni wachache. Taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ina kipimo kinacholinganisha makala na za fani yake; kiko bure kwenye tovuti yake ya iCite.

Kwa hiyo katika faili lako andika h, hifadhidata na tarehe. Chini yake weka makala tano, na kwa kila moja sema ulifanya nini: ulibuni, ulipima, uliandika. Mistari miwili kila moja inatosha. Haya, maswali, tuanze na mama daktari pale dirishani.